Wimbi Lisiloletwa na Upepo

Hotuba hii niliitoa Pangani tarehe 5 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Tsunami, mbele ya wavuvi, walimu na wanafunzi. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa baharini siku ile. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, manahodha, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: Assalam alaikum. Na wote mnaostahiki shikamoo, shikamooni.

Nawauliza wavuvi kwanza. Wimbi huletwa na nini? Nimesikia: upepo. Mmejibu sawasawa. Upepo wa kusi ukikaza, bahari inachafuka na ngalawa zinabaki mchangani. Na maji kujaa na kupwa je? Mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, mna bamvua, maji yanajaa na kupwa kuliko siku nyingine. Katikati yake mna maji mafu. Haya hamkufundishwa na mimi.

Leo nimekuja kuzungumzia wimbi lisilojua kusi wala kaskazi, lisilotazama tarehe ya mwezi. Muulizeni mzamiaji yeyote aliyeko hapa. Siku ya upepo mashua inayumba juu, lakini ukishazama pima kadhaa, kule chini kumetulia. Wimbi la upepo ni la juu juu. Tsunami ni maji yote, kutoka sakafu ya bahari mpaka juu, yamesukumwa kwa pamoja. Kwa hiyo tukiuliza tsunami huletwa na nini, tunauliza hivi: ni kitu gani chenye nguvu ya kuisukuma bahari nzima? Upepo wa kawaida hauwezi. Mwezi una kazi yake nyingine. Ardhi yenyewe ikiinuka, inaweza. Mlima ukiporomokea majini, unaweza. Volkano ikipasuka, inaweza.

Neno langu nalisema mapema, ili hata atakayesinzia awe amelipata: chanzo ndicho kinachoamua utaona dalili gani, na utakuwa na muda kiasi gani. Asiyejua chanzo atakaa akisubiri dalili ambayo haiji.

Mzee mmoja ameniuliza pale mlangoni kama haya si mapenzi ya Mungu. Mzee wangu, mimi ni mwalimu wa jiografia, si sheikhe wala padri. Mwenyezi Mungu ameiumba ardhi ikawa na mwendo wake. Mimi nimekuja kueleza ule mwendo tu.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004. Hapa kwetu ilikuwa karibu saa kumi alfajiri, wengine mmelala, wengine mko kwenye madau. Kule Sumatra, Indonesia, ilikuwa karibu saa mbili asubuhi. Ardhi ikatetemeka kwa dakika nane hadi kumi. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 9.1.

Kulitokea nini? Ardhi tunayoikanyaga si kipande kimoja. Ni mabamba makubwa ya mwamba, na mabamba hayo yanatembea, sentimita chache kila mwaka. Magharibi ya Sumatra bamba la India linajipenyeza chini ya bamba lililobeba visiwa vile. Lakini halipiti kwa ulaini. Yanashikana. La chini linaendelea kusukuma. La juu limenaswa, linavutwa na kupindika, mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne. Chukua ufito mbichi, uushike ncha zote mbili, uupinde taratibu. Unakubali, unakubali, unakubali. Kisha ncha moja ikuponyoke. Asubuhi ile mabamba yaliponyokana, na bamba la juu likafyatuka na kurudi lilikotoka. Mpasuko ulikwenda zaidi ya kilomita 1,200, urefu unaozidi safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Sakafu ya bahari ikainuka mita kadhaa, na maji yote yaliyokuwa juu yake yakainuka nayo.

Maji hayakai mlima. Yalishuka, yakatawanyika huku na huku. Na hapa nataka manahodha mnisikilize vizuri, maana jambo hili hushangaza kila mtu. Kule kwenye kina kirefu wimbi lile lilikuwa dogo. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi yapata saa mbili baada ya tetemeko ililipima: kama sentimita 60 tu, na limetandaa kwa mamia ya kilomita. Ungekuwa pale na jahazi lako usingejua kitu. Lakini mwendo wake! Tsunami hukimbia kadiri ya kina cha maji. Penye kina cha mita 4,000 huenda kilomita 700 kwa saa, mwendo wa ndege. Likikaribia pwani, kwenye kina cha mita 10, linashuka mpaka kilomita 36 hivi kwa saa. Sasa tazameni: maji ya mbele yamepunguza mwendo, maji ya nyuma bado yanakuja kwa kasi. Yataenda wapi? Yanapanda. Katika pwani ya magharibi ya Aceh, kaskazini mwa Sumatra, yalipanda zaidi ya mita 30. Katika nchi 14 walikufa watu zaidi ya 220,000.

Katikati ya msiba ule kuna kisiwa kinaitwa Simeulue. Kiko karibu mno na mahali palipopasuka, na mawimbi yalifika kwa dakika chache tu. Kilikuwa na watu kama 78,000. Wangekufa wangapi? Wamekufa saba. Saba! Hawakuwa na king'ora, hawakuwa na setilaiti. Mwaka 1907 mababu zao walipigwa na wimbi kama hilo, na waliosalia wakalipa jina, smong, wakaliimba kwenye nyimbo za kubembeleza watoto na kulisimulia usiku: ardhi ikitikisika sana, na bahari ikarudi nyuma, kimbilia mlimani, usisubiri. Mwaka 2004 ardhi ilipotikisika, mtu alipaza sauti, smong! na kijiji kizima kikapanda. Miaka 97 ilikuwa imepita.

Nawaonea wivu watu wale, nasema kweli. Lakini tungeazima wimbo wao ungetufaa? Hebu niambieni: alfajiri ya siku ile nani hapa alihisi ardhi ikitetemeka? Hakuna. Sumatra iko mbali mno na sisi. Dalili kubwa ya watu wa Simeulue ni mtikisiko wa ardhi, na kwetu mtikisiko haukufika. Kilichofika ni maji peke yake.

Yalichukua muda wa saa saba hivi kufika Somalia, na kule Hafun, kijiji cha wavuvi kama nyinyi, yakavunja nyumba na mashua. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Saa saba, wazee wangu! Mtu angeweza kutoka Hafun kwa miguu, amebeba mtoto mgongoni, akafika mahali pa salama na kupumzika. Hakuna aliyewaambia. Mchana yakatufikia Kenya na Tanzania. Kule Mombasa wenye mamlaka walishaona habari za Asia kwenye televisheni, wakawatoa watu fukweni. Kenya nzima ilipoteza mtu mmoja. Kwetu Tanzania walikufa watu wasiopungua kumi, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliokwenda kuogelea Dar es Salaam. Na hapo tulibahatika. Mwezi ulikuwa mpevu, siku ya bamvua, lakini mawimbi yalitukuta maji yakiwa bado chini. Yangefika wakati wa kujaa, hesabu ingekuwa nyingine.

Kuna jambo moja linafundishwa nusu nusu, na mimi linaniudhi. Kila mtoto ameambiwa: ukiona bahari imekauka ghafla, kimbia. Ni kweli, kimbia! Lakini je, bahari lazima ikauke kwanza? La. Inategemea uko upande gani wa mpasuko. Mwaka 2004 upande wa magharibi ndiko sakafu ilikoinuka. Upande wa mashariki, kuelekea Thailand, ilishuka. Kwa hiyo Thailand bahari ilianza kwa kurudi nyuma, watu wakashuka ufukweni kushangaa samaki wanaorukaruka. Upande wa magharibi, upande wetu, maji yalianza kwa kupanda. Anayesubiri bahari ikauke ndipo aondoke anaweza kujikuta amesimama ndani yake.

Mtu ataniuliza: basi kila tetemeko la baharini linaleta tsunami? Hapana. Tarehe 11 Aprili 2012, kusini magharibi ya Aceh, palitokea tetemeko la ukubwa wa 8.6. Tahadhari ikatolewa Bahari ya Hindi nzima. Yakaja mawimbi madogo tu. Kwa nini? Kwa sababu safari ile miamba iliteleza kwa ubavu, hii ikaenda huku na hii ikaenda kule. Sakafu haikuinuka kiasi cha kuinua bahari. Siku kama hiyo watu hurudi nyumbani wakinung'unika kwamba wamesumbuliwa bure. Wanung'unike, wakiwa hai.

Na si Sumatra peke yake. Wapo hapa wenye ndugu Muscat na Sur. Mbele ya pwani ya Pakistan na Iran, ng'ambo ya Oman, kuna mahali panaitwa Makran, nako bamba linaingia chini ya bamba. Novemba 1945 palipasuka, tsunami ikapiga pwani zile mpaka Oman na India, na wanaokadiriwa kufa ni kama watu 4,000. Bahari hii ina milango zaidi ya mmoja.

Sasa tuache mabamba. Twende kwenye mlima unaoanguka.

Tarehe 9 Julai 1958, ghuba ya Lituya, Alaska. Ni ghuba nyembamba imezungukwa na milima na barafu. Ilikuwa usiku wa saa nne lakini bado kuna mwanga, maana kule kiangazi jua huchelewa. Boti tatu za wavuvi zilikuwa zimetia nanga. Likatokea tetemeko, na pande la mlima, mita za ujazo kama milioni 30 za mwamba na barafu, likaanguka majini kwa mkupuo. Maji yakaruka ng'ambo ya pili, yakapanda mlima na kung'oa miti mpaka kimo cha mita 524. Mita mia tano ishirini na nne! Hakuna maji yaliyopanda juu kuliko hayo katika kumbukumbu za wataalamu.

Na wavuvi? Katika boti ya kwanza alikuwamo baba na mwanawe mdogo. Alimrushia mtoto jaketi la kuokolea, akamwambia asali. Akajaribu kung'oa nanga, ikakataa, akaachia mnyororo wote. Wimbi likamnyanyua, mnyororo ukakatika, boti ikapanda na kushuka upande wa pili nzima. Boti ya pili, ya mume na mke, ilichukuliwa na kurushwa juu ya ulimi wa ardhi unaoziba mlango wa ghuba; mwenyewe alisimulia kwamba alitazama chini akaona vilele vya miti. Ilizama upande wa bahari kuu lakini wao waliokolewa. Boti ya tatu, nayo ya mume na mke, haikuonekana tena.

Maporomoko hayo mara nyingine hutokea chini ya maji kabisa, wala hakuna anayeyaona. Tarehe 17 Julai 1998, Papua New Guinea, kwenye vijiji vya pwani ya Sissano, jioni, ardhi ilitetemeka. Tetemeko la ukubwa wa 7 hivi, si la kutisha. Muda mfupi baadaye likaja wimbi la mita 15 na kuua watu zaidi ya 2,000. Wataalamu walikuna vichwa: tetemeko la kiasi kile lisingeweza kuinua maji namna ile. Meli zikaenda kupima sakafu ya bahari, zikakuta kovu. Mteremko wa chini ya bahari ulikuwa umeporomoka. Tangu hapo watu wa fani hii hawatazami ukubwa wa tetemeko peke yake.

Na sisi? Wataalamu wamekuta chini ya bahari, upande wa Mafia, mabaki ya poromoko kubwa ajabu. Ni la mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo asiondoke mtu hapa akauze shamba. Nalitaja ili asiwepo wa kusema kwamba mambo haya ni ya Alaska.

Tsunami ya maporomoko ni kali pale pale ilipozaliwa, lakini kwa kawaida haisafiri mbali. Muda wake ni dakika. Hakuna kituo cha tahadhari kitakachokupigia simu. Hapo wimbo wa Simeulue unafaa kabisa: ukihisi ardhi inatikisika na wewe uko pwani, usitafute ukubwa wa tetemeko kwenye simu.

La tatu ni volkano, na hapa nina kisa kinachotuhusu.

Tarehe 27 Agosti 1883 mlima Krakatau, katikati ya Java na Sumatra, ulipasuka na sehemu kubwa ya kisiwa ikadidimia baharini. Mlio wake ulisikika mpaka kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, kilomita zipatazo 4,800. Mkuu wa polisi wa kule aliandika kwamba alisikia kama mizinga mikubwa ikilia upande wa mashariki. Walikufa watu zaidi ya 36,000, na wengi wao hawakuuawa na moto. Waliuawa na maji. Majivu ya moto na mawe yalimwagika baharini kwa wingi wa kutisha, mlima ukabomoka, na mawimbi ya mita 30 na zaidi yakafuta miji ya pwani ya mlango bahari ule.

Karibu mwaka mzima ukapita. Julai 1884, watoto wa shule ya misheni Zanzibar wakaokota ufukweni mawe ya ajabu, mepesi, yanayoelea juu ya maji. Ni mawe ya volkano. Pamoja nayo palikuwa na mafuvu na mifupa ya watu. Mkondo wa bahari ulikuwa umeyasukuma kutoka Krakatau mpaka Unguja. Watoto wale hawakuhisi tetemeko wala hawakusikia mlio, na wafu wa Java wamefika mlangoni kwao.

Kutoka baharini pale pale pakaja kuota mlima mwingine, Waindonesia wakauita Anak Krakatau, mtoto wa Krakatau. Tarehe 22 Desemba 2018, usiku, ubavu wake ulimeguka na kuingia baharini. Ilikuwa likizo, hoteli za pwani zimejaa, bendi ya muziki iko jukwaani. Wimbi liliwakuta wanacheza. Walikufa zaidi ya watu 400. Hakukuwa na mtikisiko mkubwa wa kuwashtua, na mitambo ya tahadhari ilikuwa imetegwa kusikiliza matetemeko, si mlima unaomeguka. Mnaona? Walikuwa na mitambo, ikawa inasubiri dalili nyingine.

Na volkano inaweza kufanya jambo geni zaidi. Januari 15, 2022, kule Tonga, mlipuko ulipiga hewa kwa nguvu hata mgandamizo wa hewa ukaizunguka dunia na kusukuma maji ya bahari za mbali. Peru, ng'ambo ya Pasifiki, walikufa watu wawili.

Karibu na sisi, mashariki ya kisiwa cha Mayotte, mwaka 2018 sakafu ya bahari ilianza kutapika. Mwaka uliofuata meli ya utafiti ilikuta volkano mpya kabisa, yenye kimo cha mita 800 na kitu, ambayo haikuwapo. Wameiita Fani Maoré. Iko kwenye kina kirefu na inachunguzwa kila siku. Mtu wa Ngazidja, kule Komoro, anayeishi chini ya volkano ya Karthala hahitaji mimi kumweleza kwamba visiwa vile vimezaliwa na moto.

Vimondo navyo vinaweza, na kimoja kilifanya hivyo miaka milioni 66 iliyopita. Nakipita, maana hakina ratiba ya kutusumbua sisi.

Nimebakiza jambo moja, nalo liko chini ya miguu yetu. Watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichimba hapa Pangani. Wakakuta tabaka la mchanga uliopakiwa kwa mara moja, na ndani yake vyombo vya kijiji na mifupa ya watu ambao hawakuzikwa. Hawakulazwa kuelekea popote, hawakuandaliwa kaburi. Walikuwa wavuvi, miaka kama 1,000 iliyopita, mababu wa mji huu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: ilikuwa tsunami, na hesabu zao zinaelekeza Sumatra kuwa chanzo kinachowezekana. Kwa hiyo mwaka 2004 haikuwa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba watu wa Simeulue waliimba, na sisi tulisahau.

Sasa Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari, uliojengwa baada ya 2004, na Tanzania imo, kupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa. Sumatra ikipasuka leo tutakuwa na saa nane au tisa. Ni muda mwingi sana, kama neno litafika. Likifika, walio huku mjini waondoke ufukweni na mdomoni mwa mto waende bara, maana maji hupanda na mto pia. Walio Bweni, ng'ambo ya mto, wapande mlimani kwao. Wasikimbilie pantoni. Wimbi la kwanza likipita msirudi kutazama mashua. Linalofuata laweza kuwa kubwa zaidi, na mawimbi haya huendelea kwa saa nyingi.

Na wewe nahodha, ukiwa nje ya miamba na simu ikalia, najua moyo utakuambia urudi nyumbani. Usirudi. Kumbuka zile sentimita 60. Geuza omo, elekea mkondo wa Pemba kwenye kina kirefu, kaa huko mpaka uambiwe bandari iko salama. Mwenzako aliye nchi kavu atawapandisha watoto wako, na hilo mpangane leo, kabla hamjatoka hapa: nani atampandisha mtoto wa nani.

Ahsanteni. Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na wavuvi, kwa sababu maji yanajaa saa kumi na wana safari.